Mfuko wa Kushoto

Viti vitano vilikuwa vimepangwa ukutani, vimekwisha, vinamsubiri mteja aje kuvichukua. Cha sita kilikuwa bado juu ya meza ya kazi, kimesukwa nusu, na hicho ndicho kilichomkera Inspekta tangu siku ya kwanza.

Hakuwa mtu wa viti. Kwake kiti kilikuwa cha kukalia, basi. Lakini siku nne za kuingia na kutoka kwenye karakana ya marehemu zilikuwa zimemfundisha mambo mawili matatu. Sasa alijua kwamba henzirani huja kama kamba nyembamba, bapa, zimefungwa kwa vicha. Hulowekwa kwenye beseni mpaka zilainike, kisha hupitishwa kwenye mashimo yanayozunguka fremu ya kiti, kwanza za wima, halafu za kulala, mwisho za mshazari. Ikisukwa kavu, hulegea. Ikisukwa na maji yake, hujikaza yenyewe inapokauka, na mtu anaweza kuikalia miaka ishirini.

"Koplo, njoo hapa. Tazama hiki kiti, uniambie unaona nini."

Koplo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mwili na maneno ya kutosha. Alijisogeza, akainama.

"Naona kiti, afande."

"Tazama vizuri."

"Naona kiti ambacho hakijaisha, afande."

"Rangi, Koplo. Rangi."

Koplo akatazama tena. Kamba za wima zote zilikuwa nyeupe kama za vile viti vitano. Za kulala zilianza nyeupe pia. Zilipofika katikati zikageuka, ghafla, zikawa kahawia nzito. Zilikuwa kamba tisa za kahawia, halafu kazi imekatika hapo.

"Aa! Kama mtu kamwagia chai."

"Hakumwagia chai. Hizo ni kamba za zamani, za kuwekea viraka viti vikuukuu. Sasa gusa."

Koplo alipitisha kiganja. "Imenyooka."

"Imenyooka kama imepigwa rula. Nyeupe na kahawia zimekazwa sawasawa, hakuna iliyolegea wala iliyopinda. Sasa niambie wewe. Mtu mwenye mkono kama huo anachanganyaje rangi kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza?"

"Hasira, afande. Si walikuwa hawasemezani na mdogo wake?"

Inspekta aliinama chini ya meza. Mabaki ya kamba za kahawia yalikuwa yametapakaa pale, na katikati yake kipande cha uzi mweupe wa kushonea, kina fundo moja. Beseni lilikuwa na maji matupu. Kamba zilikuwa zimemwishia fundi, hilo lilikuwa wazi. Zilipomwishia alipanda ngazi kwenda darini kuchukua nyingine. Huko darini ndiko alikoangukia.

"Nisomee tena, kwa kifupi," alisema.

Koplo alikunjua daftari lake. "Jumanne. Mke wa marehemu anaondoka saa mbili asubuhi kwenda hospitali, dada yake kajifungua kwa shida. Saa nne unusu, mdogo wa marehemu, anayeitwa Randa, seremala wake wa fremu, anaingia kwa ufunguo wake. Anasema alifungua ukingo wa darini, ule wa kujishikilia, kwa bisibisi kwa sababu mbao yake imeoza. Hakumwambia kaka yake kwa mdomo, kwa kuwa wamenuniana mwaka na nusu. Anasema alimwandikia karatasi, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Saa tano akaondoka, kaka yake yuko kwenye kigoda anasuka. Saa saba mke anarudi, anamkuta mumewe chini ya ngazi, shingo imevunjika, kicha cha henzirani nyeupe pembeni yake. Daktari anasema kati ya saa nne na saa sita."

"Na hiyo karatasi?"

"Tumeikuta kwenye shati la marehemu, imekunjwa mara nne. 'Kaka, ukingo wa darini umeoza, nimeufungua, usipande mpaka nirudi.' Chini kuna maneno mengine ya nyumbani." Alifunga daftari. "Faili limekaa sawa, afande. Marehemu alijua ukingo haupo, karatasi anayo mfukoni. Mchana kweupe, dirisha wazi. Mtu na akili zake hawezi kutembea akapita pale pasipo na kitu. Kwa hiyo alisukumwa. Na mwenye ufunguo ni Randa."

"Na saa kumi Mkuu wa kituo analitaka mezani."

"Saa kumi kamili. Kesho asubuhi Randa anapandishwa kizimbani kwa kuua."

Inspekta alitazama saa yake. Saa sita na robo.

Alikwenda ukutani, akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akainua uso. Balbu ilikuwa imevaa vumbi nene, na utando wa buibui ulitoka kwenye shingo yake mpaka kwenye boriti, utando wa zamani, mweusi.

"Hii haijawaka mwaka mzima," alisema.

"Alifanya kazi mchana."

"Dirisha liko wapi?"

Koplo alitazama kigoda, akatazama dirisha. "Nyuma ya mgongo wake."

"Kwa hiyo kivuli chake mwenyewe kinaangukia kazi. Fundi mwenye miaka thelathini na nane kwenye kazi hii."

Koplo aliinua mguu kukisukuma kigoda apate kupita. Inspekta akamzuia kwa mkono. "Usikisogeze. Mjane alituambia nini jana?"

"Kigoda kikae pale pale, na beseni pale pale. Alinifokea mimi, afande, kama nimevunja sahani ya harusi." Koplo alicheka kidogo, halafu akaacha. "Mwenyewe hayupo tena, lakini bado hataki kitu kisogee."

Walipanda darini, taratibu, wakishika ukuta. Vicha vya henzirani vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, na kila kimoja kimefungwa uzi mweupe. Inspekta alivigeuza kimoja kimoja. Vicha vya kamba nyeupe vilikuwa na uzi wenye fundo moja. Vya kahawia, mafundo mawili. Vya kamba nene, matatu. Aliutoa mfukoni ule uzi aliouokota chini ya meza, katikati ya mabaki ya kahawia. Fundo moja.

Aliutazama kwa muda, akaurudisha.

Nje, ng'ambo ya njia, fundi viatu alikuwa anapigilia soli. Maelezo yake yalikuwa kwenye faili, na yalikuwa yanamchimbia Randa kaburi. Kwamba mwezi uliopita alimsikia Randa akipaza sauti mlangoni kwa kaka yake: "Siku utakapoanguka usiniite!"

"Salamu, afande," alisema bila kuacha nyundo. "Mmekuja tena? Karibuni, viatu vyenu vinalia."

"Viache vilie. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Fundi kweli. Lakini maringo! Miaka miwili hii ya mwisho hakusalimu mtu mpaka umsalimu wewe kwanza. Ukinyamaza anakupita kama nguzo. Ukisema tu 'shikamoo fundi,' anageuka, anatabasamu, anakutaja jina na kukuuliza watoto. Sasa hayo si maringo?"

"Alikuwa anatembea peke yake?"

Fundi viatu alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Peke yake? Kila siku na bibi yake, mkono kwa mkono. Wazee wazima! Mtaa mzima tulikuwa tunawaita wachumba. Nilimwambia siku moja, 'Fundi, muachie mama wa watu avute pumzi.' Akanijibu, 'Nikimwachia utamchukua wewe.'" Aliokota misumari yake mmoja mmoja. "Tulicheka sana siku ile."

*

Randa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hajanyoa. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya patasi, na jina lake la utani alilipata kwa kuwa hakuna mbao iliyomshinda kulainisha. Aliketi, akakitikisa kiti chini yake.

"Mguu wa nyuma umelegea," alisema. "Gundi tu."

"Tuongee habari za ugomvi," alisema Inspekta. "Ulianzaje?"

"Nimeshasema."

"Sema tena."

Randa alishusha pumzi. "Alinipita njiani. Mchana, saa nane, jua linawaka. Yuko upande huu, mimi upande ule, hata hatua tano hazifiki. Nikamtazama usoni nikatabasamu. Akanipita. Nikasimama pale kama mjinga. Watu wananiona."

"Hukumwita?"

"Nimwite wa nini? Kaka yangu ananijua." Sauti ilianza kumpanda. "Mimi ndiye niliyemshika baba fimbo, afande. Baba alipopofuka, alihitaji mtu wa kumwongoza. Kaka alikuwa ameshaanza kujifunza kusuka, nikaambiwa niache shule, niende na baba. Miaka sita. Sokoni, zahanati, chooni. Watoto wenzangu wananicheka. Sikudai kitu. Sikusema kaka unanidai. Halafu unanipita njiani kama mti?"

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Baba yenu alikuwa na ugonjwa gani?"

"Macho. Yalianza taratibu. Pembeni kwanza, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwisho yakafunga."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama.

"Baada ya hapo mkawa mnaandikiana."

"Kazi lazima iende. Natundika karatasi kwenye msumari. Yeye anajibu."

"Mara moja?"

"Kesho yake. Kila mara kesho yake. Hata ukiuliza jambo la dakika moja, miguu ipakwe vanishi au isipakwe, jibu ni kesho. Nikasema haya, ananionyesha kwamba yeye ndiye bosi. Na mwandiko nao ulikuwa umependeza! Zamani kaka akiandika utadhani kuku kapita kwenye majivu. Sasa herufi zimekaa mstari mmoja. Nikasema anajifunza mwandiko ili anitambie."

"Hizo karatasi unazo?"

"Zote. Ziko kwenye boksi langu la zana, chini ya randa." Alisita. "Si kwamba nilikuwa naziweka. Sikuzitupa tu."

"Na yale maneno, siku utakapoanguka usiniite?"

Randa alijipangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa anapanda darini bila kutazama chini. Anapanda uso juu, mkono mmoja kwenye ukingo. Nikaogopa. Mtu ukiogopa unafoka." Akakitikisa kiti tena. "Ndiyo maana niliukagua ukingo, afande. Niliutikisa Jumanne ile, nikakuta kwenye skrubu umekuwa unga. Angeuegemea siku moja ungeondoka naye. Nikaufungua ili asiuamini. Nikamwandikia. Nikaweka pale pale anapoweka mkono kila siku akiingia na kutoka. Angekosaje kuiona?"

"Ulikuwa na hakika ataisoma?"

"Kwa nini asiisome? Macho anayo."

Inspekta aliinuka. Randa naye akainuka nusu, mikono mezani.

"Afande. Mimi nikifungwa, sawa. Lakini shemeji yangu anaamini nimemuua?"

"Sijui anaamini nini," alisema Inspekta. "Ndiko ninakokwenda."

Kwenye korido Koplo alimfikia, anahema. "Afande, nikalete zile karatasi?"

"Lete. Na ulete maelezo ya mjane, yale aliyoyaandika mwenyewe hapa kituoni Jumanne."

Robo saa baadaye walizipanga juu ya boneti ya gari. Karatasi za majibu kumi na saba upande mmoja, maelezo ya mjane upande wa pili. Haikuhitaji mtaalamu. Mkia wa kila "y" ulijikunja kushoto kama ndoano, pale na pale. Mkono ulikuwa mmoja.

"Mama wa watu," alisema Koplo.

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana, vyumba viwili na ukumbi. Mjane aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyemaliza akiba yote. Aliwaonyesha viti, naye akakaa kwenye kingine cha henzirani kilichokuwa kando ya dirisha. Mbele yake kulikuwa na kingine kama hicho, kitupu, kimeelekezwa kwake.

"Pole tena, mama," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa."

"Kesho shemeji yako anapelekwa mahakamani."

"Hakumsukuma kaka yake."

"Unajuaje?"

"Namjua."

"Hilo haliandikiki, mama. Nipe la kuandika."

Mjane alitazama mikono yake. "Sina."

Inspekta alitoa ule uzi, akauweka juu ya meza ndogo. "Fundo moja maana yake nini?"

"Mapambo tu."

"Moja ni nyeupe. Mawili ni kahawia. Matatu ni nene. Huu nimeuokota kwenye mabaki ya kahawia. Siku ile mtu alikosea kufunga."

Kidole gumba cha mjane kilianza kusugua kidole cha shahada, taratibu, kama kinachotafuta kitu kidogo.

"Taa ya karakana haijawaka mwaka mzima," aliendelea Inspekta. "Vitu havisogezwi. Hasalimu mtu mpaka asikie sauti. Hatembei bila mkono wako. Majibu ya karatasi yanakuja kesho yake, kwa mwandiko wako. Na fundi bingwa anasuka kiti nusu nyeupe nusu kahawia, hajui, kwa sababu vidole vinajua kila kitu isipokuwa rangi. Tangu lini, mama?"

"Niliapa," alisema mjane.

"Uliapa kwa marehemu. Aliye hai yuko mahabusu."

"Aliye hai alifungua ukingo!" Sauti ilimtoka ghafla, kali, hata Koplo akastuka. "Alifungua ukingo, akaondoka, hakusema neno! Kununa gani huko? Angempigia hata ukelele kutoka nje, 'we kaka, ukingo haupo!' Neno moja. Hakusema hata neno moja. Mimi nimekaa hapa siku nne, najua hakumsukuma, na moyo unaniambia mwache. Mwache akae humo. Mungu anisamehe."

Inspekta alifungua bahasha ya plastiki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuifungua. Aliiweka pembeni ya ule uzi.

"Alisema, mama. Aliandika. Aliitundika kwenye msumari wa mlangoni."

Mjane aliitazama karatasi. "Mmeitoa wapi?"

"Kwenye shati la marehemu. Hatukukwambia. Tulidhani ni ushahidi kwamba aliisoma."

"Mfuko gani?"

"Wa kushoto."

Mjane alifumba macho. Koplo aliinuka nusu, Inspekta akamwashiria akae.

"Wa kulia ni wa vijiti vya kubania na futi," alisema mjane hatimaye, pole pole, kama anayesoma orodha. "Wa kushoto ni wangu. Chochote kilichoandikwa anaweka kushoto. Kadi za wateja, barua, karatasi za mdogo wake. Jioni anakuja anakaa hapo." Alionyesha kiti kitupu. "Ananyoosha shati, anasema, 'Posta imefika.' Mimi namsomea. Ananiambia cha kujibu, naandika. Kila siku." Alivuta pumzi, ikakatika katikati. "Alikuwa ameniwekea. Alikuwa anayo kifuani, afande. Alipanda ngazi anayo kifuani."

Nje mtu alipita anapiga mluzi, akaenda zake.

"Tangu lini?" aliuliza tena, kwa sauti ya chini.

"Miaka mitatu yalianza. Miaka miwili yamefunga kabisa. Kusuka hakukumpa shida. Alisema macho yalikuwa yanamchelewesha tu. Nilimpangia rangi, nikafunga mafundo, basi."

"Kwa nini siri?"

"Wateja, kidogo. Alisema mtu akijua fundi haoni hakuletei kiti tena, anakuletea huruma. Lakini si hilo." Alijipangusa pua kwa upindo wa khanga. "Mdogo wake. Yule alimshika baba yao fimbo miaka sita, utoto wake wote ukaishia hapo. Siku daktari alipotuambia, mzee wangu hakulia. Alisema kitu kimoja tu. 'Randa asijue. Akijua ataacha kila kitu aje anishike mkono, na mimi sitamrudisha mdogo wangu kwenye fimbo.' Alinuniwa mwaka na nusu kwa ajili hiyo. Nilimwambia, mwambie, mtoto wa watu anaumia. Akasema, bora anichukie akiwa huru."

Koplo aligeukia ukuta, akaanza kutafuta leso.

"Na Jumanne?" aliuliza Inspekta.

"Nilikuwa na haraka. Walinipigia simu dada kazidiwa. Nikafunga vicha viwili chap chap, huku nimeshavaa viatu. Nikakosea." Aliinua uso. "Unajua niliporudi niliona nini kwanza? Si yeye. Kiti. Kigoda kitupu, kiti juu ya meza, nusu nyeupe nusu kahawia. Nikacheka. Nikasema kwa sauti, 'Mzee wangu, leo umesuka punda milia!' Nikasubiri anijibu. Yeye angenijibu, alikuwa hashindwi na jibu. Halafu ndiyo nikageuka."

Inspekta aliinamisha kichwa kwenye daftari lake, akaandika mistari mitatu, akafuta mmoja.

Saa tisa na dakika ishirini Koplo alimaliza kuandika maelezo. Mjane aliyasikiliza yakisomwa, akarekebisha tarehe ya kwenda kwa daktari, akaingia chumbani na kurudi na cheti cha hospitali cha macho, kimekunjwa ndani ya kitambaa. Akatia sahihi. Mkia wa "y" ulijikunja kushoto.

"Atatoka leo?" aliuliza.

"Leo hii. Faili nampelekea Mkuu mimi mwenyewe."

"Mtamwambia?"

Inspekta alikuwa ameshawaambia watu mambo mengi mazito katika kazi hii, na mengi yalikuwa ya kuwafunga. Hili lilikuwa la kumfungua mtu.

"Lazima atajua, mama. Litakuwa kwenye faili."

"Basi mwambieni yote. Msimwambie nusu. Mkimwambia ukingo, mwambieni na fimbo."

"Nitamwambia mimi."

Mjane aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikwenda mezani, ukasimama juu ya ile karatasi.

"Naomba niisome."

Ilikuwa ushahidi. Inspekta alitazama saa, akamtazama Koplo, akaisogeza karatasi mbele kwa kidole kimoja.

Mjane aliikunjua. Hakuisoma kimya kimya. Alikaa vizuri, akageuka kidogo kuelekea kile kiti kitupu, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusomea mwingine, bila haraka, akitua kila mwisho wa sentensi.

"'Kaka. Ukingo wa darini umeoza, nimeufungua. Usipande mpaka nirudi kesho na mbao mpya. Ukitaka henzirani niandikie ngapi, nitakushushia mwenyewe. Halafu tuache haya mambo, nimechoka. Kama kuna kosa nilikufanyia niambie, mimi silijui. Wako, mdogo wako.'"

Alimaliza. Akaigeuza karatasi upande wa nyuma, mweupe, akailaza gotini. Akachukua kalamu ya Koplo iliyokuwa bado mezani. Inspekta aliinua mkono amzuie, mkono ukafika nusu, akaurudisha.

Mjane aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, akainamisha sikio upande wa kile kiti, na akasubiri aambiwe cha kuandika.